Namna ya Kubana Matumizi kwenye Bima ya Boti

Hongera, tajiri. Duara la dhahabu la Kakola limejibu, na badala ya kuongeza gesti nyingine Katoro umenunua boti. Iko mwaloni Nkome, mbao mpya, injini ya Yamaha, jina limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Sasa kuna kijana anakusumbua na habari za bima. Usimfukuze: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, bima ya vyombo vya majini ni ya lazima. Kinachotakiwa ni kuikata bila kuumia.

Anza na thamani. Boti na injini vimekugharimu milioni 20? Andika 10. Ada hukokotolewa kwa asilimia ya thamani. Ikiwa ni asilimia 2, tayari umebakiza laki 2 mfukoni. Uzuri wa ujanja huu utauona siku maharamia watakapowavamia vijana wako usiku ziwani na kuondoka na injini ya milioni 8. Utaingia ofisini kifua mbele, ukijua 8 haifiki hata ile 10 uliyoandika. Watachukua kikokotoo. Ulikatia nusu ya thamani, kwa hiyo nusu ya kila hasara ni yako: wanakulipa milioni 4. Kisha wanakata kile kiasi ambacho mwenye bima hujibebea kwenye kila dai. Tuseme laki 5. Unatoka na milioni 3 na nusu. Dukani injini bado ni milioni 8, lakini ile laki 2 hakuna wa kukunyang'anya.

Kwenye matumizi jaza "uvuvi". Ukijaza "abiria" ada inapanda, na watu wa TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, wataanza kuuliza maboya. Siku ya gulio pakia watu wa Izumacheli, baiskeli zao, mbuzi wao na magunia ya dagaa mpaka maji yalambe ukingo. Jaketi okozi zifungie stoo zisichakae. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 20, 2018, uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa tu walizidi 220. Kile kilikuwa kivuko cha Serikali, yenye kodi za nchi nzima za kugharamia mazishi. Wewe una duara moja, na lenyewe limeanza kujaa maji.

Wakala mtafute chini ya mwembe, yule wa nusu bei. Hati ya bima usiihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Kumhakiki mtu aliyekuita "bosi" mara nne ni kukosa adabu.

Wapo watakaokushauri uende kwa mganga. Nitamtetea kidogo: hana fomu, na hakuulizi umepakia nini. Boti ikizama atakwambia umevunja masharti, jambo ambalo na kampuni ya bima hulisema vilevile. Tofauti ni kwamba ya kampuni yameandikwa, hata kama huyasomi, na ukiona umedhulumiwa yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kumshitaki mganga unahitaji mganga mwingine, na ada inaanza upya.

Wenye roho ndogo wana njia zao. Hutaja thamani halisi, hulinganisha kampuni tatu au humtumia dalali mwenye leseni, na hukubali kubeba hasara ndogondogo wenyewe ili ada ishuke. Hupiga picha namba ya injini. Boti ikiingia mwaloni huifungua injini, huibeba begani na kuilaza chumbani, huku mama watoto akilalamikia harufu ya petroli. Watu wa namna hiyo hulipa ada mwaka baada ya mwaka na, tuseme ukweli, kwenye kijiwe cha kahawa hawana kisa chochote cha kusimulia.