Namna ya Kuijua Kilwa Bila Kusumbua Akili

Umeamua kusoma historia ya Kilwa Kisiwani? Hongera. Chukua kitabu kimoja tu, tena chembamba. Ukiongeza cha pili utakuta vinapingana, na wewe hukuja kusuluhisha ugomvi wa watu.

Kariri kwanza kisa cha Ali, mwana wa mfalme wa Shiraz, aliyekinunua kisiwa kwa vitambaa vya kukizunguka chote. Kisa kitamu hicho, usikitie maswali. Doti ngapi zilitosha? Muuzaji alizipeleka wapi? Zaidi ya yote, usiulize nani aliandika. Utaambiwa ni karne ya 16, mamia ya miaka baada ya biashara yenyewe, na kwamba mwandishi alikuwa na sultani wa kumridhisha. Kuchokonoa nasaba za wakubwa hakujawahi kumletea mtu heri.

Kisha nenda kwa Ibn Battuta. Huyu alifika mwenyewe mwaka 1331, basi hana mjadala. Anasema majengo ya Kilwa ni ya mbao. Shida ni kwamba ukivuka na mashua kutoka Kilwa Masoko unakutana na Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, na mwendo mfupi mbele yake Husuni Kubwa, jumba linalohusishwa na sultani yuleyule aliyempokea. Mbishi atapoteza jioni nzima hapo: mgeni aliona nyumba za makabwela tu? Mnakili aliteleza kalamu? Au kumbukumbu ilichoka, maana safari zile zilikuja kuandikwa miaka ya 1350, naye akisimulia tu? Wewe okoa mafuta ya taa. Mawe hayatungi mtihani.

Vinasaba navyo visikutishe. Mwaka 2023 watafiti walitangaza walichokipata kwenye mifupa ya makaburi ya kale ya pwani: upande wa mama Afrika kwa wingi, upande wa baba Uajemi kwa wingi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Utafiti mwema huu, una riziki ya kila mtu. Anayetaka Shiraz abebe baba, anayetaka Bara abebe mama, na hakuna haja ya kuusoma. Kwamba wengi wa wale marehemu walizikwa karibu na misikiti, mahali ambapo mvuvi wa kawaida huenda hakupata nafasi, ni udaku wa makaburini.

Akitokea mwenzako darasani akanyoosha mkono na kuuliza, "Lakini tumejuaje?", mwambie kengele imeshalia.