Mwenyekiti Kaoa

Kamati yetu ya harusi ilikwenda kuchapa ratiba kwenye steshenari moja ya Makanyagio, hapa Mpanda, na flashi iliyotoka Tabora kwa shangazi wa bibi harusi. Kwenye kompyuta ya shangazi kila jina lilikaa mbele ya cheo chake. Ya hapa ina toleo la zamani la programu ileile, basi majina yakashuka mstari mmoja. Bwana harusi akawa mwenyekiti wetu, mlina asali wa Inyonga mwenye wajukuu. Bwana harusi halisi akawa MC, na MC, aliyekwishakula kianzio chake, akawa mpishi.

Mzee alivaa miwani, akasoma, akaivua, akamgeukia kijana wa steshenari.

“Mjukuu wangu, mahari nimetoa lini?”

“Shikamoo babu. Dawa ni toleo jipya.”

“Marahaba. Linauzwaje?”

“Linakodishwa, babu. Unalipia kila mwezi.”

“Nisipolipia?”

“Unafungua barua zako, unasoma. Kuandika ndiyo basi.”

“Yaani mzinga wangu, asali yangu, ila mfuniko una mwenyewe!”

Kampuni yenyewe siitaji, maana kile kitufe cha “Nakubali” tumekibonyeza wote na hakuna aliyesoma tulichokubali. Wenzetu wa mbali yaliwakuta. Mwaka 2009 Amazon walifuta vitabu ndani ya Kindle za wateja waliokwisha kuvilipia, kimojawapo *1984* cha George Orwell, riwaya ya serikali inayofuta maandishi. Pesa walirudisha, tusiwaonee.

Kinachoniudhi ni kwamba njia nyingine ilikuwepo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi, ya bure, ya Kiswahili. Mwaka 2006 shirika la viwango la ISO likapitisha muundo wa wazi wa hati ambao yeyote anaruhusiwa kuutengenezea programu. Lakini nenda wewe na faili la namna hiyo kwenye steshenari za Mpanda. Kila mtu anatuma hati za kampuni kubwa kwa sababu kila mtu anatumiwa hati za kampuni kubwa, na mistari ikipinda, anayeulizwa ni yule aliyejitia kutumia kitu tofauti.

Tukampigia shangazi atume PDF. Hiyo nayo ilikuwa mali ya kampuni moja, Adobe, hadi 2008 ilipokuwa kiwango cha ISO. Siku hizi programu chungu nzima zinaifungua na mistari haihami. Kweli, ilitoka safi, kila mtu na cheo chake.

Ila MC alikuwa amejitoa tangu asubuhi, na jina ndani ya PDF kijana hakuweza kulibadilisha. Akachukua rula na kalamu ya wino, akaanza kukata jina kwa mkono, nakala moja moja, shilingi hamsini kila mkato.