Muulize Shangazi: Ana Temper, Kapoteza Temper

Shangazi, shikamoo. Jumatatu bosi wangu Mwingereza aliniambia nina temper. Alhamisi nikamjibu mteja, bosi akasema nimeipoteza. Kama ni ugonjwa, si nimepona?
– Mpokea Simu, Westlands

Marahaba. Hujapona, mwanangu. Neno hilo asili yake ni Kilatini, na maana yake ilikuwa kuchanganya vitu kwa kiasi. Matabibu wa kale, Galen akiwa kinara wao katika karne ya 2, walifundisha kwamba mwilini mna damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Vikilingana, mtu hutulia. Nyongo ya manjano ikizidi, anafokea wateja. Temper ilikuwa ule mchanganyiko wenyewe, na aliyeupoteza alikuwa amemwaga utulivu wake. Baadaye watu wakawa wanautaja hasa ulipoharibika, jina likahamia kwenye hasira. Basi leo Mwingereza akiwa nayo ni mkali, akiipoteza ni mkali zaidi, na akisifiwa ni kwa kuitunza. Utatunzaje kitu unacholaumiwa kuwa nacho? Hilo kamuulize bosi, akishakunywa chai.

Shangazi, mchumba wangu ni fundi wa visu na patasi, kasomea. Nimemsikia akisema kisu kisicho na temper hakifai. Anayesifu hasira kwenye kisu, nyumbani itakuwaje?
– Bi Harusi Mtarajiwa, Tanga

Olewa. Chuma cha pua kikichomwa hadi kiwe chekundu, kisha kikachovywa kwenye mafuta, huwa kigumu kupita kiasi. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika kama glasi. Ndipo fundi hukirudisha motoni taratibu, nyuzi 200 hadi 300 hivi, akikisoma kwa rangi: kikiwa na rangi ya majani makavu kinafaa kukatia, kikifika buluu kinafaa springi. Kwa hiyo mchumba wako anasifu kupunguza ugumu ili kitu kisivunjike. Waogope wanaoishia hatua ya kwanza. Nawajua wengi, wawili ni mashemeji zangu.

Shangazi, mwalimu wa piano kanipa kitabu cha Bach cha 1722, jina lake lina temper. Nipige kwa hasira?
– Mwanakwaya, Moshi

La. Hapo ni namna ya kutyuni kinanda ili funguo zote 24, meja na maina, zipigike bila kukwaruza masikio. Hasira mwachie jirani anayesikia mazoezi yako.

Shangazi, nauza keki. Wanasema chokoleti nyeusi niifanyie temper, mwisho iwe nyuzi 31 au 32. Haing'ai, na sasa ninayepandisha temper ni mimi.
– Mama Keki, Nyali

Iyeyushe, ipoze hadi 27 hivi, kisha ipashe kidogo ifike 31, ili mafuta ya kakao yagande kwa mpangilio na kung'aa. Lakini Februari hapo Nyali jikoni mwako mna nyuzi 32 hata kabla ya kuwasha jiko. Utaipozea wapi? Nunua kiyoyozi, au uza mahamri.