Kasida ya Nenosiri

Pwani yote ya Waswahili, na hata Maskati katika nyumba ambazo Kiswahili kilirudi na wenyewe kutoka Unguja, mgeni hupiga hodi, wa ndani huuliza, "Nani?", na jibu huwa lile lile: "Mimi." Halina jina wala namba ya kitambulisho, na bado mlango hufunguliwa, maana sauti imeshamtambulisha mwenyewe. Kompyuta haina sikio la namna hiyo. Kwake "mimi" ni kila mtu. Ndiyo maana ikahitajika fomu ya kujisajili na kuingia, kiumbe anayelaaniwa kuliko foleni ya benki, na ambaye malenga wamemnyima hata ubeti mmoja. Deni hilo lilipwe leo.

Lianze kulipwa Yiti, kijiji cha wavuvi ng'ambo ya milima, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Maskati. Mchukulie kijana mwandishi wa programu, amekaa barazani kwa bibi yake, anatengeneza programu ya kukodi boti za kwenda Bandar Khayran. Kalenda ipo, bei zipo kwa riale na baisa, picha za kasa zimekaa vizuri. Siku nne zimemtosha. Kisha mteja anauliza kijiswali: "Na watu wataingiaje?" Hapo wiki tatu zinakwenda. Kwa macho fomu ni visanduku viwili na kitufe, lakini tumbo lake halijai: kujisajili, kuthibitisha barua pepe, kuingia, kutoka, kusahau, kukumbushwa, kusahau tena. Ajira ya vijana wangapi imetoka humo!

Mtukufu huulizwa nasaba. Ya nenosiri la kompyuta inafika chuo cha MIT, Marekani, ambako mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, watu wengi wakitumia mashine moja. Kila mtu alikuwa na mafaili yake, basi kila mtu akapewa neno lake la siri. Mwaka uliofuata Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu aliyepangiwa saa nne kwa wiki zisizomtosha, aliiagiza mashine imchapie faili lenye maneno ya siri ya wote. Ikamchapia. Mwaka 1966 mafaili mawili yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia akalakiwa na orodha nzima ya maneno ya siri badala ya tangazo la siku. Ukarimu wa namna hiyo hakuna aliyeukusudia.

Ili kuepuka aibu za namna hiyo likazaliwa jambo zuri kuliko yote katika ukoo huu, nalo lina harufu ya jikoni. Siri isiwekwe ilivyo, isagwe. Mahindi yakishakuwa sembe hakuna kinu cha kuyarudisha punje. Mtu akiingia, neno alilochapa husagwa upya, na programu hulinganisha unga kwa unga bila kuwa imelihifadhi neno lenyewe. Tatizo ni kwamba wawili wenye neno moja wangetoa unga mmoja, na mwizi akimjua mmoja angewajua wote. Robert Morris na Ken Thompson, katika makala yao ya 1979 kuhusu mfumo wa Unix, wakaeleza dawa yake, nayo inaitwa chumvi: tarakimu za kubahatisha anazotiliwa kila mtu kabla ya kusaga. Chumvi yao iliweza kulitoa neno moja kwa namna 4,096. Mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières wakaleta bcrypt, kinu kilichofanywa kizito makusudi, na uzito wake huongezwa kadiri kompyuta zinavyopata kasi. Katika fani inayoabudu kasi, hiki ni chombo kinachosifiwa kwa uvivu.

Waliodharau kinu wanajulikana. Desemba 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, yote punje nzima ghalani. Walioyahesabu wakakuta watu zaidi ya 290,000 walikuwa wakijilinda kwa 123456.

Fomu ni mwalimu wa nasaba vilevile. Jina la Kiomani hutembea na ukoo wake: la mtu mwenyewe, bin au bint, la baba, la babu, na kabila mwishoni likitanguliwa na Al. Fomu iliyoazimwa ughaibuni ina visanduku viwili tu, kwa hiyo babu anakatwa na "bint" inageuzwa jina la kati. Kisha yaja simu. Ya Oman ina tarakimu nane; ya shangazi aliyebaki Unguja ina tisa baada ya 255, na kisanduku kilichofunzwa kuhesabu hadi nane kinamjulisha shangazi kwamba namba anayopigiwa kila Ijumaa haipo.

Adabu ya fomu ndiyo ya kipwani hasa. Ukikosea hujibu, "Jina au nenosiri si sahihi," wala haisemi lipi. Wengi hudhani ni uzembe. La: ikitamka kwamba nenosiri tu ndilo baya, imeshamthibitishia mdukuzi kuwa fulani ana akaunti humu. Ni jirani anayeulizwa, "Fulani yupo?", akainuka kwenda kuchemsha kahawa.

Hata makosa yake yana heshima. Mwaka 2003 Bill Burr wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, aliandika mwongozo uliowafanya watu wachanganye herufi kubwa, tarakimu na alama, kisha wabadilishe kila baada ya muda. Watumiaji wakatii kwa njia yao: Yiti2015! ikawa Yiti2016!. Mwaka 2017 NIST ikaachana na masharti hayo, na Burr, ameshastaafu, akakiri kujutia mengi aliyoyaandika. Na kwa kuwa fomu hukusanya habari za watu, Oman nayo ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Amri ya Kisultani namba 6 ya 2022, iliyoanza kutumika Februari 2023. Tangu hapo kukusanya habari za watu bila ridhaa yao si umbea tu.

Kijana wa Yiti, amechoka, anaamua kumjaribishia bibi yake. Yeye sasa yuko Maskati, anaongea naye kwa simu; bibi yuko barazani na simu mkononi. Ujumbe unaingia: tarakimu sita, zitakufa baada ya dakika tano.

"Bibi, nisomee hizo namba."

Bibi anatafuta miwani, anaipata kichwani, anasoma polepole, mpaka mstari wa mwisho. "Wameandika nisimpe mtu yeyote."

"Bibi, ni mimi!"

"Mimi nani?"