Kamati Oyee

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai mambo machache mno. Wanaotaka kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, waridhie kwa hiari yao, na wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Mtu akiipitia harakaharaka anaweza kudhani ndoa ni jambo dogo. Hakuna kifungu kinachotaja ukumbi. Matarumbeta hayamo, keki haimo, ndafu hayumo. Pengo hilo la kisheria limezibwa na kamati ya harusi, chombo kisichosajiliwa popote, kisicho na katiba wala mkaguzi, lakini kikipiga simu mwisho wa mwezi watu wazima wenye vyeo vyao huilaza simu kifudifudi mezani wakaendelea kunywa chai.

Nimeisikia kamati ikisemwa vibaya kwenye daladala, kwenye redio, hata mimbarani. Wanaiita kero, wanaiita kodi ya pili. Mimi ni katibu wa kamati mojawapo hapa Dar es Salaam na nimechoka kunyamaza. Sifa zake nitazitaja hadharani, tena kwa mfano wa vijana wawili ambao bila kamati wangeharibikiwa kabisa, yaani wangeendelea na kazi zao.

Vijana hao ni Walutheri wa usharika mmoja. Binti anaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu mwani, ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Anatafuta namna ya kuiokoa kotonii, aina yenye bei nzuri, isiyovumilia maji ya pwani yanapozidi joto: matawi hugeuka meupe, yakalegea, yakakatika na kwenda na mkondo. Kijana ni mwalimu wa kwaya na mtunzi, anaandika nyimbo za sauti nne kwa solfa, na mkoba wake umejaa karatasi ambazo mtu asiyejua angedhani ni hesabu za duka. Wote wawili wanaamini kazi hizi ni wito waliopewa na Mungu. Kamati haina ubishi na hilo. Inachokumbusha tu ni kwamba Mungu huyohuyo ndiye aliyeanzisha ndoa, tena mapema, Mwanzo sura ya pili, kabla ya chuo kikuu chochote.

Ndiyo maana tumeyapangia mambo yao nafasi inayostahili. Kikao chetu kina utaratibu: kufungua kwa sala, kusoma muhtasari, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, ukumbi, chakula na vinywaji, mapambo, usafiri, halafu mwisho kabisa, watu wakiwa wameshasimama na funguo mkononi, Mengineyo. Humo kwenye Mengineyo ndimo tasnifu na tamasha la kwaya hujadiliwa. Binti aliwahi kuomba kikao kisogezwe wiki moja kwa sababu ya bamvua.

Kwa wasiojua mambo ya pwani: shamba la mwani hukaguliwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, vijiti vikabaki vimesimama na kamba zimelala mchangani. Bamvua huja na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kamati huja Jumamosi. Viwili hivi vilipogongana, shangazi yake binti, mkuu wa kamati ndogo ya mapambo, alimweleza kwa upole: “Mwanangu, mwani utaota hata usipokuwepo. Harusi haioti.” Profesa anayemsimamia ana machapisho mengi, lakini hajawahi kumpa hoja fupi kiasi hicho isiyo na jibu.

“Sawa, shangazi,” akasema, akatoka nje kupiga simu. Alimwomba mama mmoja wa Jambiani ampimie joto la maji kwa niaba yake. Mama akapima, akaandika kwenye daftari la shule la mwanawe, na pembeni akaongeza mambo ambayo hakuulizwa: upepo ulivuma kutoka wapi, maji yalikuwa na rangi gani, kamba ipi imeliwa na chafi. Sasa sura ya nne ya tasnifu imesimama juu ya pembe za daftari hilo, na profesa amesema ndiyo sura bora kuliko zote. Nani wa kushukuriwa hapo? Kama kamati ingekuwa na utu, ingemruhusu binti aende Jambiani akapime mwenyewe, na asingejua lolote kuhusu chafi.

Kijana naye amevuna kwetu. Alikuwa amekwama tangu Pasaka na wimbo wa wale wanawali kumi wa Mathayo 25, wenye taa, wanaomngoja bwana arusi aliyechelewa. Soprano ilikuwa imetulia, alto na teno zinaeleweka, besi haina la kufanya. Sasa mweka hazina wetu ana desturi ya kusoma orodha ya ahadi kwa sauti, jina kwa jina, bila kupandisha wala kushusha: “Amepunguza. Bado. Bado. Amemaliza, makofi tafadhali. Bado. Bado. Bado.” Nilimwona kijana akigeuza kadi ya mchango iliyoharibika uchapaji, akaanza kuandika mgongoni mwake. Nikamchungulia, maana katibu lazima ajue kila kinachoandikwa kikaoni. Herufi za *d* na *s* zilikuwa zikipokezana kwenye mstari wa besi, nukta mbilimbili katikati, na chini yake neno moja likijirudia hadi ukingo wa kadi. Kwaya imeanza kuujifunza. Wanawali wanauliza kama bwana arusi amefika, na besi kumi na ushei wanajibu kutoka nyuma kwa sauti ya mweka hazina: bado. Waimbaji wanasema wimbo huo unawatia hofu takatifu. Mimi unanikumbusha bili ya ukumbi.

Wasomi hulalamika kwamba nchi yetu haina utamaduni wa kuhakiki. Wasomi hao hawajakaa kwenye mjadala wetu wa rangi ya sare. Pendekezo lilikuwa damu ya mzee. Likapingwa kwa hoja ya kihistoria, kwamba harusi ya binamu mwaka juzi ilitumia damu ya mzee na watu bado wana nguo hizo. Likatetewa kwa hoja ya kiuchumi, ileile: watu bado wana nguo hizo. Likaletwa la zambarau, likaombewa ushahidi, vikatandikwa mezani vipande vya kitambaa, taa ikazimwa na kuwashwa ili kulinganisha. Mama mmoja aliuliza zambarau hiyo itaonekanaje kwenye video saa mbili usiku chini ya taa za njano, swali ambalo lingemtoa jasho mtahini wa nje. Binti, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka kutetea pendekezo lake la utafiti kwa dakika arobaini na kupita, aliniambia pembeni kwamba angelazimika kuchagua, angerudi chuoni.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya kidunia, kwamba Mkristo afunge ndoa kwa unyenyekevu na hela iende kwenye kiwanja. Nawaomba wasome Yohana sura ya pili. Harusi ya Kana ilikuwa na mkuu wa meza, ilikuwa na watumishi, ilikuwa na mitungi sita ya mawe, na bado divai ikawaishia. Hiyo ni kazi ya kamati ya vinywaji iliyozembea, na ona faida yake: muujiza wa kwanza. Wangekuwa na makadirio sahihi, Injili hiyo ingekosa ukurasa. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alionya kwamba aliyeoa hugawanyika moyo, anahangaikia jinsi ya kumpendeza mkewe. Kamati hakuitaja. Pengine Korintho haikuwa nayo, la sivyo angeona kwamba mtu anaweza kugawanyika vizuri tu kabla ya kuoa.

Mfano wa Luther mwenyewe ndio unaonisikitisha. Profesa wa chuo kikuu, mtunzi wa nyimbo, yaani miito yote miwili ya vijana wetu ndani ya mtu mmoja, akamwoa Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525 mbele ya mashahidi wachache, mmojawapo mchoraji Lucas Cranach. Sherehe ya watu ikafanyika tarehe 27, majuma mawili tu baadaye. Vinywaji alivishughulikia kwa barua: alimwandikia Leonhard Koppe amletee pipa la bia ya Torgau. Hakuna kadi, hakuna singo wala dabo, hakuna sare. Na matokeo yake? Wakati huo alikuwa anadaiwa jibu na Erasmus, aliyemchokoza kwa kitabu kuhusu hiari ya mwanadamu Septemba 1524. Jibu lilitoka Desemba 1525. Zaidi ya mwaka! Angekuwa na kamati ya kumnyang’anya jioni zake angejifunza kuandika alfajiri, kama binti yetu, ambaye sasa huamka saa kumi usiku kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo grupu la WhatsApp la harusi limelala. Huyo Erasmus naye, aliyechapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu mwaka 1511, alikuwa kasisi asiyeoa, na kikao cha kamati hakukiona. Kitabu kingekuwa kinene zaidi.

Hilo grupu nalo linasemwa vibaya bure. Kweli, linaanza na “Bwana asifiwe wapendwa” na kuishia na picha za masufuria. Kweli, mtu akitaka kujiondoa, simu inawatangazia wasimamizi wa grupu kwamba fulani ameondoka, na saa hiyohiyo shangazi anampigia kumuuliza kama anaumwa. Lakini nionyeshe chombo kingine ambamo mtunzi wa nyimbo na mtafiti wa mwani wangelazimika kuzungumza kila siku. Mchungaji, kwenye mafundisho ya ndoa, aliwauliza kama wanapata muda wa kuwa pamoja. Wakatazamana. Kijana akajibu kwamba wanaonana kila Jumamosi kikaoni, yeye upande wa usafiri, mwenzake upande wa keki, na kwamba wakati wa taarifa ya mweka hazina huandikiana vijikaratasi. Nimeviona baadhi, vilivyosahaulika chini ya viti. Kimoja kiliuliza kama neno “kupwa” linaweza kuimbwa na teno bila kukatika. Kingine kilijibu kwa mchoro wa kamba na vijiti vyake, na mishale ya kuonyesha maji yanakoelekea.

Sitaki kuficha kwamba kamati ina kanuni kali. Kadi yetu imeandikwa singo 50,000, dabo 100,000, na tulishakubaliana kwamba chini ya hapo ni baraka, si mchango. Jioni moja iliingia 5,000 kutoka kwa mama anayeuza maandazi karibu na geti la kanisa. Mwanawe anaimba teno. Ujumbe uliofuata ulisema: “Ya mwalimu wa kwaya. Nyingine mwezi ujao Mungu akipenda.” Nikaisoma kikaoni. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba kwa kanuni, elfu tano haipati kadi ya kuingilia. Mwenyekiti akauliza nani aliyepitisha kanuni hiyo. Muhtasari unaonyesha kwamba hakuna aliyejitokeza. Kadi yake niliipeleka mwenyewe, nikaambiwa nisubiri, nikarudi na maandazi sita ambayo mweka hazina alitaka yaingizwe kwenye vitabu.

Kazi zote hizi hufikia mwisho siku ya kuvunja kamati, sherehe ambayo nayo ina bajeti yake. Lakini kwenye kikao kilichopita, chini ya Mengineyo, mjumbe mmoja wa usafiri alisema inauma sana kuvunja kitu kilichosimama vizuri hivi. Wengi wakaguna kukubali. Likaja pendekezo kwamba kamati isivunjwe, ibadilishwe jina tu iwe Kamati ya Mahafali, ili binti wetu atakapovikwa joho apokewe na matarumbeta kama watu wengine. Binti akanyoosha mkono, akaeleza kwamba sura mbili za mwisho hazijaandikwa na tarehe ya utetezi haipo. Mwenyekiti akamjibu, “Tumekusikia, bibi harusi. Litaingia kwenye yatokanayo.” Pendekezo likapita. Ukumbi umeshalipiwa nusu, na mwenye ukumbi harudishi hela.

Shangazi akaomba sare za mahafali ziwe rangi ya mwani. Mtu akauliza mwani una rangi gani hasa. Binti akasema inategemea, kuna wa kijani, kuna wa kahawia, kuna mwekundu, na huo wote unaweza kuwa kotonii, halafu kuna huu mweupe ambao ndio shida yenyewe. “Mweupe kwa nini?” akauliza mweka hazina, akaweka kalamu chini. Ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Kijana akavuta kiti, akampisha mwenzake mbele, na mpaka mlinzi anakuja kutuambia anafunga geti binti alikuwa bado anaeleza.