Corolla Iliyogoma Mpandoni

Nyumbani kwetu Mutoshi gari si la mtu mmoja. Karatasi zina jina la mume wangu, lakini unga ninaouza sokoni Kolwezi husafiri humo, mama mkwe hupelekwa nalo hospitali kwa ajili ya kifua chake, na Jumapili watoto hupakatana hadi mlango unafungwa kwa shida. Ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990, usukani kulia, moja ya zile zilizoshushwa melini Dar es Salaam zikavuka Zambia mpaka Kasumbalesa. Kwa hiyo ilipoanza kuishiwa nguvu, ukoo mzima uliugua.

Ikisimama, ilinguruma bila shida. Kwenye tambarare ilikwenda. Lakini ipakie magunia, ukanyage esansi mpandoni, hapo iliguna tu bila kuongeza mwendo, huku malori ya madini yakiipita na kutuachia vumbi jekundu.

Ukoo ukaketi. Shemeji, yaya yaani mkubwa wa mume wangu, alikuwa wa kwanza kusema: "Mama, motere hiyo imekufa. Lubumbashi ziko za okazio, tuchange." Muuza vipuri mmoja alishasema ni pompu ya esansi. Mwingine alitaja kompyuta ya gari. Kila mmoja alikuwa na bei, na hakuna aliyekuwa amefungua boneti. Nikawajibu kwamba pesa ipo, ila ni karo ya watoto, na karo haitoki kwa kubahatisha.

Mume wangu akaenda kumwita jirani yetu, mzee aliyefanya kazi karakana za kampuni ya madini ya Gécamines hadi ule mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003, ulipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000. Alikuja na tochi na kipande cha waya. Kabla ya kugusa chochote aliniuliza: "Mama, ilishawahi kupanda vizuri na mzigo huuhuu?" Nikamwambia ndiyo, masika yaliyopita.

Swali hilo lilikuwa na maana yake. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 inazopanda, kwa hiyo Corolla yoyote hapa ni dhaifu kuliko ilivyokuwa Dar es Salaam. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni kile kilichobadilika tangu masika.

Kisha akatueleza utaratibu wake: tunaanza na vipimo visivyo na gharama, tunafuata vya bei ndogo, na kipuri cha bei kubwa hakiguswi mpaka kipimo kimekitaja.

Aliliendesha mwendo mfupi, akashuka na kusogeza kiganja karibu na kila rimu. Breki inayong'ang'ania hupasha joto gurudumu lake kuliko mengine. Yote yalikuwa sawa. Akaiweka gia kubwa na kukanyaga: mzunguko wa injini haukupanda peke yake, basi klachi haitelezi. Mwanangu, anayesoma ufundi, alikanyaga pedali injini ikiwa imezimwa huku mzee akimulika koo la hewa, na kile kibati cha ndani kikafunguka chote. Tulichota esansi kidogo tukaiacha itulie ndani ya chupa nyeupe, maana mara nyingi tunanunua kwa kadhafi, wauza esansi wa kando ya barabara. Haikuwa na maji wala uchafu chini.

Chujio la hewa lilikuwa jekundu kama udongo wa uani. Tuliweka jipya, gari lilichangamka kidogo, mpando ukabaki mgumu.

Hapo kile kipande cha waya kikapata kazi. Toyota nyingi za Japani za miaka hiyo zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti. Ukiunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha ufungue swichi bila kuwasha injini, taa ya injini huhesabu kosa kwa kumeta. Yetu ilimeta sawasawa bila kusita, yaani kompyuta haina kosa lolote ililohifadhi. Hapo bei ya kompyuta ikafutwa.

Usiku akatuita tena. Tulizima taa za uani, tukafungua boneti injini ikiwaka, mikono mbali, naye akanyunyiza ukungu wa maji juu ya waya za buji. Kwenye waya mmoja, karibu na chuma cha injini, cheche za buluu zilikuwa zikiruka nje, moja baada ya nyingine. Moto uliopaswa kufika kwenye buji ulikuwa ukivuja njiani. Tulinunua seti ya waya na buji, na asubuhi injini ilitulia kuliko tulivyoizoea. Lakini mpandoni iligoma vilevile, na shemeji akarudia habari ya Lubumbashi.

Mzee hakushangaa. Alisubiri bomba la moshi lipoe, akafungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya katalizeri, lile sanduku linalosafisha moshi, akaacha tundu wazi. "Sasa panda," alimwambia mume wangu, "mwendo mfupi, vioo wazi." Corolla ilipanda ikipiga kelele mtaa mzima, lakini ilipanda, na magunia yakiwa ndani. Moshi ulikuwa umepata pa kutokea. Injini yetu ilikuwa kama mtu anayeruhusiwa kuvuta pumzi lakini hawezi kuitoa.

Tulipolifungua sanduku tuliona sababu. Ndani kuna kauri yenye vitundu vidogo mfano wa sega la nyuki, na sehemu ya sega hilo ilikuwa imeyeyuka na kuziba. Waya uliovuja ulikuwa ukiacha esansi isiyoungua ipite. Ikawakia humo ndani na kuzidisha joto. Tungebadilisha sanduku bila kubadilisha waya, jipya nalo lingekufa.

Mume wangu alitaka tulitoboe, watu wengi hufanya hivyo na gari linapanda. Nilikataa, na bado nasimama hapo. Sanduku hilo ndilo linalogeuza monoksidi ya kaboni, ambayo ni sumu, kuwa dioksidi. Mama mkwe ananusa vumbi na moshi wa malori kutwa. Gari linalompeleka hospitali lisiwe linamwongezea. Tukatafuta la okazio kutoka Corolla iliyovunjwa. Mwanangu alilielekeza juani na kuhakikisha mwanga unapenya vitundu vyote kabla hatujalipa. Sega bovu tulimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, likachangia bei, kwa kuwa ndani yake mna platini, paladi au rodi. Mzee akawakumbusha watoto kwamba mgodi wa Mutoshi, zamani ukiitwa Ruwe, mwanzoni mwa karne ya 20 ulijulikana kwa dhahabu iliyoandamana na madini hayohayo ya platini na paladi.

Jumla ya gharama haikukaribia bei ya motere, na karo ililipwa. Shemeji mwenyewe ndiye anayeendesha magunia siku hizi. Nyumbani kwetu imekuwa sheria: anayetaka kipuri kinunuliwe, kwanza aeleze mbele ya wote amekipima vipi. Hata watoto huuliza hivyo, na mkubwa hakasiriki akiulizwa.