Sifa za Sabuni Iliyokataa

Kuna sabuni zilizozaliwa na bahati. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever alipewa na Wabelgiji haki ya kuvuna michikichi katika maeneo makubwa ya Kongo, na mwaka uliofuata Mfalme Albert wa Ubelgiji alikabidhiwa sabuni ya kwanza iliyotokana na mawese ya kituo chake cha Leverville, ikiwa imelazwa ndani ya kisanduku cha pembe za ndovu. Sabuni inayosifiwa hapa haijawahi hata kuona ndovu. Imo ndani ya beseni la plastiki lililopasuka mdomo, nyuma ya nyumba moja huko Mudzipela au Nyakasanza, mjini Bunia, jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo. Juu mafuta yanaelea, chini maji makali yametuama, na mwenyewe ameshika kiuno akiitazama kama mzazi anayemtazama mtoto aliyefukuzwa shule. Kwa maneno ya watu wa kazi ya sabuni, sabuni imekataa.

Hakuna anayeisifu, na hilo ni kosa. Sabuni iliyofaulu haina la kusimulia: inakatwa kwa waya, inapangwa mezani sokoni, inanunuliwa, inaishia kwenye shati la mtu mwingine. Iliyokataa ndiyo yenye maneno. Katika mji ambako kila kitu hupimwa kwa kopo la zamani la maziwa ya unga, kwa kiganja, kwa jicho na kwa "ongeza kidogo, mama", hiyo peke yake inadai hesabu hadi gramu ya mwisho. Haibembelezeki kwa machozi wala kwa undugu. Soda pekee inayoipokea ni ile ya kuunguza, tena kwa kipimo.

Tuanze na bidoni. Mawese hufika Bunia kutoka upande wa msitu, Mambasa na Irumu, kwa njia ya Komanda, ndani ya bidoni za njano za lita 20. Karatasi ya mapishi, ambayo kwa kawaida imenakiliwa na mkono wa tatu au wa nne, inazungumza kwa kilo: kilo moja ya mawese inahitaji kama gramu 141 za sude, yaani soda kostiki, ili mafuta yote yageuke sabuni. Lakini lita 20 za mafuta si kilo 20. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na bidoni hiyo ina kilo 18 na kidogo. Anayehesabu lita kama kilo ametia robo kilo ya sude iliyozidi, isiyo na mafuta ya kula, na njaa ya sude hiyo itamalizikia kwenye ngozi ya mteja.

– Mama, hii sabuni yako iko na moto! Angalia mikono yangu.

– Pole, yaya. Haiyakomaa bado. Iweke juu ya kabati mwezi moja.

Muuzaji amesema nusu ya kweli. Wiki nne za kukaa mahali penye hewa hukausha maji na kupoza ukali wa sabuni changa, ila robo kilo nzima ya sude haiyeyuki kwa kulala kabatini. Hata hivyo wiki nne hizo zastahili heshima zake. Ituri iliwekwa chini ya eta de siyeji, yaani utawala wa kijeshi wa dharura, tarehe 6 Mei 2021, kwa siku 30, na siku hizo 30 zikaongezwa, zikaongezwa tena, miaka ikapita. Sabuni ikiomba wiki nne, ni wiki nne.

Fadhila ya pili ya sabuni iliyokataa ni upelelezi. Sude ikiachwa kwenye gunia lililo wazi hunywa unyevu wa hewa na kushikana mabonge, na sehemu yake hugeuka magadi, ambayo hayana nguvu ya kuyageuza mafuta kuwa sabuni. Mnunuzi akipimiwa vikombe vyake akapeleka nyumbani, mizani itamwambia gramu 141 kwa uso mkavu kabisa, ilhali sude yenyewe ndani yake imepungua na kinachojaza nafasi yake ni maji. Mizani imedanganywa, mnunuzi amedanganywa, pengine hata muuzaji hajui. Sabuni inajua. Inatoka teketeke, ina mafuta mafuta, inaacha alama ya kidole kama mkate uliotolewa motoni kabla ya wakati. Hakuna polisi wa soko aliyewahi kutoa taarifa kamili kiasi hicho bila kuomba ya kumlainisha koo.

Vivyo hivyo kwa anayebadilisha mafuta bila kubadilisha hesabu. Mafuta ya kokwa ya mchikichi, yale meupe yanayokamuliwa kutoka ndani ya mbegu, hutoa povu jingi na sabuni ngumu, na kila mtengenezaji huyatamani. Lakini kilo moja ya mafuta hayo inataka karibu gramu 176 za sude, si 141. Mawese na mafuta hayo yametoka kwenye tunda lile lile la mchikichi, lakini kila aina ina mahari yake. Anayelipia aina ya pili kwa bei ya aina ya kwanza anarudishiwa ulaini ule ule wa aibu.

Kisha kuna suala la baridi, na hapa sabuni iliyokataa inapanda cheo na kuwa mwanafalsafa. Bunia ipo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake si za pwani. Mawese huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi 35 hivi. Mtengenezaji mwenye haraka, anayetaka kuwahi soko, humimina sude kwenye mafuta yaliyopoa, akakoroga, na mara anaona uji umeshika, mwiko unaacha mfereji. Anashangilia, anamimina kwenye kasha la mbao, anakwenda zake. Kufika adhuhuri jua limeingia uani, na uji ule unajieleza upya: haukuwa umeshikana, ulikuwa umeganda tu kwa baridi. Mafuta yanapanda, maji ya sude yanashuka, kila mmoja anarudi kwao. Vitu viwili vimekaa kimya pamoja kwa masaa manne bila kupatana hata kidogo, kisha vikaachana mbele ya mashahidi. Wapatanishi waliowahi kukaa kwenye mahoteli ya Bunia wangeitambua hali hiyo mara moja.

Dawa yake, kwa bahati, ni rahisi kuliko ya siasa. Yote hurudishwa kwenye chombo cha chuma cha pua, moto mdogo huwekwa chini, na mkono unakoroga bila kuchoka hadi uji uwe mmoja kweli na usigawanyike hata ukiachwa kando. Mkorogaji huvaa glavu, hufunika macho, hukaa penye hewa na huweka watoto mbali, kwa kuwa maji ya sude yaliyojitenga ni makali kama siku yalipochanganywa.

Kabla elimu hiyo haijaenea, ni nani aliyekuwa akilaumiwa? Jirani. Alipita, akasalimu, akachungulia beseni, na saa ile ile sabuni ikaharibika. Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Sabuni iliyokataa imewaokoa majirani wengi na tuhuma ya jicho baya, maana mwenye nayo akitulia na kuisoma ataona ikitaja jina la mkosaji: lita iliyoitwa kilo, sude iliyolowa, mafuta yaliyopoa. Jirani hayumo. Alikuja kuazima chumvi tu.

Lakini utukufu wake mkubwa uko kwenye sufuria.

Sufuria ya alumini ndiyo fahari ya jiko. Ni nyepesi, inang'aa, inapika pondu ya watu kumi, na mama aliyeinunua anamjua kila mtu aliyewahi kuiazima. Siku ya kwanza ya kazi ya sabuni, akili inasema: chombo si chombo? Maji yanatiwa humo, sude inamwagwa humo. Mara maji yanaanza kuchemka bila moto, mapovu yanapanda, mvuke unakereketa koo, na kuta za sufuria zinageuka nyeusi. Sude inaila alumini, ikitoa hewa ya haidrojeni, ambayo inashika moto. Sabuni itakayotoka humo itakuwa ya kijivu, mbovu, pengine isishikane kabisa. Sufuria itakuwa nyembamba kuliko ilivyokuja, au itakuwa na tundu. Mtu aliyeambiwa mara mia atumie plastiki ngumu au chuma cha pua hakusikia. Baada ya sufuria moja anawahubiria wengine hadi kanisani. Ni mwalimu gani mwingine wa kemia anayelipwa mara moja tu na somo lake likadumu hadi kwa wajukuu?

Maana wapo walimu wengine. Bunia haikosi mafunzo ya sabuni: tangu vita vya miaka ya 1999 hadi 2003, na kila wimbi la wakimbizi wa ndani lililofuata, kutengeneza sabuni kumekuwa jibu linalopendwa na kila mfadhili anayetaka wanawake wapate kipato. Mafunzo huwa na siku chache, picha ya pamoja na cheti. Yote ni mema. Ila mara nyingi sude na mafuta ya siku hizo vimekwisha kupimwa kwa mizani na mwezeshaji, kwa hiyo sabuni inafaulu, na kila mtu anarudi nyumbani na kipande kizuri chekundu-njano bila kujua kwa nini kilikuwa kizuri. Elimu inaanza wiki mbili baadaye, mwezeshaji akiwa amesharudi, pale beseni la kwanza linapokataa. Kwa haki, beseni hilo lingestahili kutia sahihi kwenye cheti.

Madoa madogo nayo yana heshima yake, ingawa hayahitaji hotuba ndefu. Vumbi jeupe juu ya mche ni sude iliyokutana na hewa na kuwa magadi. Hukwanguliwa kwa kisu na maisha yanaendelea. Jasho la matone wakati wa mvua ni gliserini inayovuta unyevu. Mipasuko ni ya joto lililozidi au uji uliokauka mno. Madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta ya zamani ni dalili kwamba mafuta yameanza kuoza, na kutu ya chombo huyaharakisha. Kuhusu rangi ya manjano ya sabuni ya mawese mekundu, hiyo si ugonjwa hata kidogo. Ndiyo sura yake.

Na sura haioshi mikono. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini, ukaingia Ituri, na haukutangazwa kwisha hadi 25 Juni 2020. Ndoo zenye bomba zilisimama mbele ya maduka, makanisa na ofisi. Virusi vya Ebola vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo bila kwanza kuuliza kama mche ulikatwa sawasawa au una chapa ya kiwanda. Kipande kilichopinda, chenye vumbi jeupe pembeni, kilifanya kazi ile ile ya miche mirefu inayovuka mpaka kutoka Kampala. Sharti lake ni moja: kiwe sabuni kweli, si sude iliyojificha. Watu wa kazi huonja kwa ncha ya ulimi, wakigusa kidogo sana na kutema papo hapo. Kikirusha kama betri ya tochi, kipande hicho kinarudi jikoni.

Kurudi jikoni ndiko kunakoikamilishia sifa, kwa kuwa sabuni iliyokataa, tofauti na ahadi nyingi, hurekebishika. Iliyo laini kwa upungufu wa sude hupikwa upya na kuongezwa maji kidogo ya sude, kwa hesabu safari hii. Ile kali huongezwa mafuta. Ile ambayo hakuna anayejua imekosa nini hukunwa kama muhogo, hupikwa na maji hadi ilainike, kisha hutiwa maji ya chumvi nyingi. Hapo sabuni hujikata na kuelea juu, na sude iliyozidi, gliserini na uchafu hubaki chini majini. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyeandika mwaka 1823 kitabu kilichoeleza mafuta yameundwa na nini na kwa nini hugeuka sabuni, aliishi miaka 102. Huenda muda huo ndio unaohitajika kuielewa sabuni. Mama wa mtaa wa Nyamukau, hapo hapo Bunia, mwenye mizani ya gramu na bidoni iliyopimwa upya hahitaji mingi hivyo.

Kwa hiyo anayeliona beseni lake limekataa leo asilimwage mtoni na asimgombeze jirani. Aandike alichotia, kwa gramu. Sude itiwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye sude. Na tone likimrukia, aoshe kwa maji mengi yanayotiririka. Beseni lenyewe litapona. Sufuria ya alumini haitapona.